Anayeitika

Njia ya kwenda Nyumba ya Uwazi ina ubaya mmoja: ukiipanda unazeeka. Nakijwa aliianza asubuhi akiwa mwanamke wa miaka arobaini, mwenye miguu ya kubishana na mlima, na jua lilipomfika utosini alikuwa ameshapita sitini na magoti yanamnung'unikia. Hakushangaa. Katika bonde lile watu walikwisha zoea kwamba miaka haiendi kwa mstari. Kuna misimu iliyopita kabla ya kufika, na kuna mavuno yaliyoliwa kabla ya mbegu kutiwa ardhini. Alikuwa amebeba karatasi moja na swali moja. Karatasi ndiyo iliyokuwa nyepesi.

Karatasi ilisema, kwa lugha ile ya ofisini isiyokutazama usoni, kwamba Kadeghe, mwenye shamba chini ya mfereji, amepokea ruzuku ya Serikali, mbolea na mbegu, misimu tisa mfululizo. Kwamba mahindi ya shamba hilo, misimu yote tisa, yameonekana mafupi na ya njano. Kwamba anayepewa na asioneshe alichopewa anawanyima wenzake. Na kwamba wapimaji watafika kuliita shamba mpakani, na likikosa mtu wa kueleweka litahesabiwa kuwa wazi na kugawiwa mwingine. Kadeghe alikuwa mume wa Nakijwa. Alikuwa amekufa kabla ya msimu wa kwanza kati ya hiyo tisa. Amezikwa humo humo shambani, upande wa migomba, kwa hiyo anayekuja kuligawa shamba atamgawa na yeye.

Misimu tisa, na mlangoni pa Nakijwa hakikufika hata kisoda cha mbolea. Nani, basi, anayepokea? Hilo ndilo swali alilolibeba, na tuseme ukweli, alilibeba kwa ada tu, maana jibu alikuwa nalo siku nyingi. Jibu lilikuwa Nanzia.

Nanzia alikuwa wifi yake, dada wa Kadeghe, tumbo moja. Shamba lake lilipakana na lao, mfereji tu katikati. Mahindi ya Nanzia yalikuwa ya kijani kile kizito, majani mapana, mashina ya kushikika. Mwaka wa kwanza Nakijwa aliyatazama. Mwaka wa pili aliyatazama sana. Mwaka wa tatu aliacha kusalimia, na Nanzia, ajabu, hakuuliza kwa nini; naye alikwisha acha zamani. Tangu hapo wanawake wawili walilima mgongo kwa mgongo, mmoja akiinuka kunyoosha kiuno mwenzake anainama, wasije wakakutana macho. Jioni kila mmoja alipika chungu cha mtu mmoja. Nakijwa alikuwa mpweke, na hakuna namna ya kulisema hilo kwa kuzunguka. Alikuwa mpweke kiasi cha kuongea na ufagio.

Lakini angemjuaje mwizi? Orodha ya wanaopokea ruzuku hakuna aliyepata kuiona bondeni. Ilisemekana ipo, ilisemekana iko wazi, ilisemekana mtu akitaka aende tu. Na orodha ya namna hiyo, inayosemwa na haionekani, ina kazi moja inayoiweza kuliko kugawa mbolea: inagawa watu. Ukilijua jina la aliyekula chako, unamchukia huyo na basi. Usipolijua, unamchukia aliye karibu, kwa sababu ndiye unayemwona kila siku. Bonde zima lilikuwa limekaa hivyo. Nyumba zilijengewa ua. Watu walipalilia huku wakihesabu majani ya jirani, na kila mwenye mahindi mabaya alijua kwa hakika kwamba mbolea yake iko chini ya mahindi mazuri ya fulani, na yule fulani naye alikuwa na fulani wake.

Hapo zamani, au labda ni kesho, bonde lilikuwa na desturi yake ya maji. Mfereji ni mmoja na mashamba ni mengi, kwa hiyo maji yalikwenda kwa zamu, na mgawa maji alisimama penye kizuizi akaita jina la mwenye zamu. Aliyeitwa hakuitika. Ilikuwa mwiko. Nipo ni neno rahisi, kila mtu analiweza, hata mwizi wa maji. Kwa hiyo jirani ndiye aliyejibu. Alisema: Yupo. Basi mtu akiwa na homa, akiwa ameitwa ukweni, akiwa amelala tu kwa uchovu, jirani alisema yupo na maji yakaingia shambani kwake. Ukiitwa mara tatu na asipatikane wa kusema yupo, maji yalikupita, ingawa umesimama pale pale na jembe mkononi, umeloa jasho, unapumua. Watu wazima wameonekana wakilia mbele ya mgawa maji, wapo kabisa, na hawapo.

Serikali ilipokuja na ruzuku iliikuta desturi hiyo ikaipenda. Ilikuwa na orodha ndefu na maofisa wachache. Ikatangaza kwamba kila nyumba itaandikwa jina moja, na kila jina litaitwa uwanjani, na litakaloitikiwa na jirani ndilo litakalopokea. Watu wakafurahi kwamba safari hii wameeleweka.

Siku ya kuitwa majina ilikuwa ya kumi na mbili tangu Kadeghe azikwe. Nakijwa alikwenda uwanjani kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Msomaji wa orodha akaita, Kadeghe. Watu wote wakamgeukia Nanzia, maana yeye ndiye jirani wa mfereji, ndiye mwenye haki ya neno. Nanzia alikuwa ameinamisha kichwa. Pengine alikuwa anatafuta namna ya kusema kwamba kaka yake hayupo, mdomo ukamwia mzito. Msomaji akaita tena. Kadeghe. Jina lilipita uwanjani likarudi peke yake, na Nakijwa hakuweza kulivumilia. Alisema, Yupo.

Hakuwa anawazia mbolea, haki ya nani. Mbolea haikuwa kichwani mwake. Alikuwa na maana kwamba yupo pale upande wa migomba, yupo kwenye mpini wa jembe uliochongwa kwa kipimo cha kiganja chake, yupo kwenye ubavu wa kushoto wa kitanda ambao bado unabonyea. Alikosea mara mbili kwa neno moja. Kwanza alisema uongo. Pili, mke hamwitikii mume, kwa kuwa nyumba ni mdomo mmoja. Msomaji aliandika kitu, akainua uso, akatabasamu kidogo kama mtu aliyeokota kitu. Nakijwa akageuka akaondoka uwanjani na khanga mdomoni, hakusikia jina lililofuata, wala lililofuata hilo. Baada ya siku ile majina hayakuitwa tena uwanjani. Shughuli ilihamishiwa Nyumba ya Uwazi.

Na kila msimu alijiambia, nitakwenda kusema. Kusema nini? Neno lenyewe. Ha. Kisha yu. Kisha po. Nikilisema litakuwa kweli. Nisipolisema si kweli? Alizikwa mchana, niliona. Kuna mahali jina lake linaitwa. Kila msimu mtu anafungua mdomo anasema Kadeghe, mahali fulani, kwa sauti, na mtu anajibu kwamba yupo. Mimi nyumbani simsikii mtu akimtaja. Mimi ni nani nimzimie jina? Ngoja. Msimu ujao.

Hivyo ndivyo ilivyopita tisa.

Nyumba ya Uwazi imejengwa kwa vioo pande zote, na paa la kioo, na sakafu ya kioo inayokuonesha nyayo zako mwenyewe. Hakuna pazia. Kilichokuwa cha mbao mle ndani kilikuwa meza moja tu, ya zamani, yenye mtoto mmoja wa meza, droo ya kuvuta, chini yake. Nyuma ya meza alikaa bwana mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Mrutu, Msomaji, mtu wa umri usiokadirika, mpole kuliko ilivyohitajika. Ndiye yule yule wa uwanjani, ila alikuwa amerudia ujana. Alimvutia mgeni wake kiti, akampa maji ya kunywa, akamwambia ajisikie nyumbani, hapa hakifichwi kitu.

Ni kweli hakikufichwa. Orodha ilikuwa imetandazwa ukutani, pana kama mkeka wa msikitini, wino mbele. Herufi zake zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, na mwanga wa vile vioo uliipiga ikawaka, kiasi kwamba aliyeitazama alitokwa na machozi kabla hajasoma neno. Nakijwa alifuta macho, akaeleza shida yake tangu mwanzo. Alitaka kujua nani anapokea kwa jina la Kadeghe.

Mrutu alimsikiliza vizuri, kisha akamwuliza kama jina lake mwenyewe limo. Hakujua. Akaambiwa kwamba orodha iko wazi kwa kila aliyemo. Asiyemo akisomewa majina ya watu huo utakuwa umbea, na nyumba hii haifanyi umbea. Nakijwa akauliza, mtu atajuaje kama yumo. Mrutu akasema, kwa kuisoma orodha. Akasema hivyo bila kejeli, uso umetulia, na Nakijwa akaona kwamba huyu mtu haongopi, ameketi tu ndani ya maneno yake miaka mingi hadi yamemzoea.

"Lakini nimetoka mbali, baba," alisema Nakijwa.

Mrutu akafikiri. Akasema kusikiliza hakujakatazwa bado. Alikuwa karibu kuanza kusoma; mgeni akitaka, akae.

Basi akakaa kwenye benchi la kioo, viatu mapajani, peke yake kwenye ukumbi ambao ungeweza kuchukua bonde zima. Mawingu yalipita juu ya paa, ya masika, halafu ya vuli, halafu ya masika mengine. Mrutu alisoma kwa mpango wa mashamba, kufuata mfereji kutoka juu kwenda chini, na Nakijwa alijua kwamba muda si mrefu angelifikia shamba la Kadeghe, na mara baada yake shamba la Nanzia. Tuseme pia kwamba alikuwa na hamu. Kuna starehe fulani mbaya katika kungoja kuthibitishiwa ubaya wa mtu.

"Sangiwa," alisoma Mrutu. Akavuta mtoto wa meza.

"Yupo," ilisema sauti. Mrutu akasukuma mtoto wa meza, akafunga.

Nakijwa alishtuka. Sangiwa alikufa kwa kuangukiwa na paa, yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomwosha mkewe uso. Mrutu aliendelea. Akaja Mama Kirumbe, aliyefuata mwanawe ugenini akafia huko. Mtoto wa meza akafunguka, yupo. Yakaja majina ya pacha waliokufa siku ya kuzaliwa, wamekuwa watu wazima orodhani, wana ekari. Yakaja majina ambayo bonde halikupata kuyazaa, majina laini ya watu wasiojua upande wa jembe unaokata, nao wapo. Na huko nyuma ya nyumba, kwa uwazi kabisa, kupitia kioo, malori yalikuwa yanapakia mifuko. Nakijwa aliyanyooshea kidole. Mrutu aligeuka akayatazama kwa adabu, akasema mzigo unakwenda kwa walioitikiwa.

Sauti ilikuwa moja. Hilo alilitambua kwenye jina la saba au la sabini. Ilikuwa ya mwanamke, ya kati, ina mkwaruzo mdogo kabla ya silabi ya mwisho, kama ya mtu anayezuia kilio kisitangulie. Aliifahamu. Alijaribu kuipachika kwa Nanzia, ikakataa. Akaipachika kwa mama yake, kwa shangazi, kwa wanawake wote aliowahi kuchota nao maji. Kisha Mrutu akasoma, Kadeghe, na sauti ikasema yupo, na Nakijwa akahisi koo lake mwenyewe likitikisika.

"Hiyo ni sauti yangu," alisema.

"Ndiyo, mama." Mrutu hakuona haya. "Tuliihifadhi. Wengine walikuwa wanaitika kwa mazoea tu. Wewe ulisema ukiamini."

Akataka kuendelea. Akasoma jina lililofuata, na lililofuata halikuwa Nanzia. Lilikuwa la shamba la mbele zaidi, karibu na daraja. Nakijwa akasimama. Alisema umeruka. Shamba linalofuata ni la Nanzia, dada yake Kadeghe, lile lenye mahindi ya kijani, hebu angalia tena. Aliposema neno kijani alisikia jinsi alivyolitunza ndani ya kinywa miaka yote hiyo.

Mrutu hakuhitaji kuangalia. Alisema jina hilo halimo, halikupata kuwamo. Liliitwa uwanjani siku ile ile, mara baada ya Kadeghe, mara tatu kama desturi inavyotaka, na hakuna aliyeitika. Upande mmoja shamba la Nanzia linaishia kwenye mwamba, hana mtu. Upande wa pili jirani wake wa mfereji alikuwa ameshageuka anaondoka na khanga mdomoni. Likapitwa.

Hapo Nakijwa aliketi tena. Alimwona Nanzia uwanjani, jambo ambalo siku ile hakuliona kwa sababu alikuwa amempa mgongo. Alimwona amesimama mbele ya watu akiitwa mara moja, mara mbili, mara tatu, siku ya kumi na mbili tangu amzike kaka yake, akiutazama mgongo wa wifi yake unavyokwenda. Alimwona akirudi nyumbani akijua mambo mawili: kwamba wifi yake ameliuza jina la marehemu, na kwamba yeye Nanzia, aliye hai, wifi hakuona haja ya kumtaja. Akamwona akiacha kusalimia. Nani asingeacha?

Nakijwa alisimama mara ya mwisho, akakusanya pumzi, akasema lile neno. Alilisema vizuri, silabi zote tatu, kuelekea ukutani kwenye orodha. Kadeghe hayupo. Lilitoka bila mkwaruzo. Mrutu alimtazama kwa huruma ya kweli, akavuta mtoto wa meza. Yupo, ilisema sauti yake ya zamani, changa, imejaa machozi. Mrutu akafunga.

"Sauti moja haiwezi kuwa na maneno mawili, mama," alisema. "Ile ya kwanza ndiyo iliyosajiliwa. Huyu anayesema sasa hivi, mimi simjui."

Akamshauri, kwa wema, kwamba asisumbuke na nyumba hii. Wapimaji wakija mpakani wataita kwa desturi ya zamani, hawana mtoto wa meza. Kama shamba ni lake, aitwe yeye, jirani aitike, basi.

"Jirani unaye?" aliuliza.

Nakijwa alivaa viatu vyake.

Kushuka hakurudishi miaka. Alishuka na sitini yake yote, polepole, akishika miti. Alipofika mahali ambapo bonde linaonekana lote, alisimama kupumzika, na huko chini akamwona mtu anatoka kwenye zizi la mbuzi na tenga kichwani, anateremka hadi kwenye mahindi ya kijani, analimwaga, anarudi. Akaenda tena. Na tena. Alikuwa anabeba samadi. Nakijwa alikuwa amemwona akiibeba misimu tisa, asubuhi kwa asubuhi, na mbuzi aliwasikia wakilia, na harufu ilimfikia hadi jikoni, na vyote hivyo alivijua na havikumwambia kitu. Alisema kwa sauti, mimi ni mjinga. Hapakuwa na wa kumbishia.

Alikusudia kwenda moja kwa moja kwenye mfereji aseme, wifi. Neno moja tu, wifi, mengine yangefuata. Lakini misimu tisa imekaa juu ya neno hilo, na alipofika ukingoni halikuinuka. Isitoshe wapimaji walikuwa wameshafika. Walifika, yaelekea, kabla hajaondoka. Walikuwa wanaume watatu, wawili wenye kamba na vigingi, na mmoja mwenye daftari, na kamba ilikuwa imeshapita juu ya kaburi.

Mwenye daftari alisimama mpakani akaita, Kadeghe. Mahindi ya njano yalitikisika kidogo kwa upepo. Akaita tena. Nakijwa hakungoja ya tatu. Alisema hayupo, amekufa, yuko hapo chini ya kamba yenu, na nyinyi mmekanyaga. Wale wawili waliruka pembeni. Mwenye daftari akafuta mstari. Akauliza, sasa shambani kuna nani. Akamwambia jina lake. Mtu yule akaliandika kwa penseli, kwa kuwa lilikuwa bado halijawa kitu, kisha akainua kichwa na kuita kwa sauti ya mbali ingawa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Nakijwa."

Ng'ambo ya mfereji jembe lilikuwa linapiga, taratibu, pigo kwa pigo. Halikukosa hata moja.

"Nakijwa."

Alikuwa na neno nipo mdomoni, limejaa, lina ladha ya chuma. Alilibana kwa meno. Alitazama mikono yake, udongo wa mwaka jana kwenye mistari ya viganja, na ilimjia kwamba hivi ndivyo Nanzia alivyosimama, hivi hivi, na watu walikuwa wengi zaidi. Alitamani kumwambia hilo. Hakuligeukia shamba la pili, maana alimnyima mtu mara moja na hakuona ana haki ya kumwomba hata kwa jicho. Mwenye daftari aliigeuza penseli, upande wa ufutio ukawa chini.

"Nakijwa."

Jembe likanyamaza.

Penseli ilishuka. Ilikuwa imekwisha gusa karatasi neno lilipokuja, limekauka, limekwaruza, la mtu ambaye hajasema na mwenzake siku nyingi.

"Yupo."

Sauti ile haikuwa ya Nakijwa.